Meli iliyopita Dodoma

Nilipotea kidogo, si mnajua majaribio yanavyotubana huku Hombolo. Leo naleta ubishi ulioanza bwenini juzi usiku.

Mshkaji wangu wa chumbani ni mtu wa Kigoma. Katikati ya stori akasema meli yao, Liemba, iliwahi kupita Dodoma. Chumba kizima tukacheka! Meli ipite Ugogoni, kwenye vumbi na mibuyu, labda iogelee kwenye bwawa letu hapa? Nikaenda kusoma ili nimuumbue. Nimeumbuka mimi.

Iko hivi. Wajerumani walijenga Reli ya Kati kutoka Dar, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914. Sasa mbele ya hapo ni maji matupu. Abiria na mzigo wa Kongo, au wa vijiji vya kusini mwa ziwa, uendeleeje? Ikabidi reli ipate meli.

Meli hiyo ya mvuke iliundwa mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ikapewa jina Graf von Goetzen, yule gavana wa enzi za Maji Maji. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar, halafu ikapanda treni kwenda Kigoma. Na treni ya Kigoma haina njia nyingine, lazima ipite hapa kwetu! Mafundi watatu kutoka Papenburg waliiunganisha upya, ikashushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto.

Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini mafundi wakapaka injini grisi nzito kwanza, wakiamini ipo siku watarudi kuichukua. Hawakurudi wao. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena Kigoma mwaka 1920. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza kazi chini ya Reli ya Tanganyika kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Tangu hapo ikawa mali ya reli kama behewa lolote. Ikaja Reli ya Afrika Mashariki, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki kwa Shirika la Reli Tanzania, mpaka huduma za meli zilipopewa kampuni yake mwaka 1997. Injini za mvuke zilikwishatolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Jamani, msidhani hii ni stori ya vyuma tu. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havina gati. Meli ilikuwa ikisimama majini, ikipiga honi, mitumbwi ikiifuata na dagaa, mahindi, wagonjwa, hata maharusi. Mwaka 1997 ilirudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ikawatoa Warundi pale Kagunga, kijiji kilichobanwa na milima, ikawaleta Kigoma.

Safari zilipokatika mwishoni mwa miaka ya 2010, meli ikisubiri matengenezo makubwa, mshkaji anasema bibi yake alirudia boti za mbao. Ziwa likichafuka, haendi sokoni.

Hapo nikaacha kucheka. Sisi tunaosomea mambo ya vijiji tunapenda kuhesabu kilomita za reli na barabara. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma, na wote tunaisifia, mimi wa kwanza. Lakini wale wa zamani, pamoja na ubaya wao, walijiuliza swali moja la maana: mtu akishuka mwisho wa reli, anaendeleaje?

Basi nimekubali kushindwa, chapati za kesho asubuhi nalipa mimi. Naomba kuwasilisha.