Jua Lililotiwa Giza: Taswira za Anga katika Unabii juu ya Babeli

Katika sura ya 13 ya kitabu cha Isaya, nyota zinaacha kuangaza, jua linachomoza likiwa na giza na mwezi hautoi nuru. Mlengwa ametajwa waziwazi, nao ni mji wa Babeli. Wamedi nao wanatajwa kuwa ndio watakaochochewa dhidi yake. Mwaka 539 K.K. mji huo ulitwaliwa na Koreshi wa Uajemi. Jua halikuzimika. Isitoshe, kumbukumbu za Kibabeli zenyewe zinaeleza kwamba majeshi yake yaliingia mjini bila vita. Je, mhakiki aamue kwamba nabii alikosea?

Swali hili huzuka pale taswira inaposomwa kama taarifa ya mnajimu. Kwa Wababeli jua lilikuwa Shamash, mwezi Sin, na sayari ya Zuhura Ishtar. Nabonido, mfalme wao wa mwisho, alimtukuza Sin kupita Marduki, mlinzi wa mji. Kuuzima mwezi mbele ya hadhira kama hiyo ni kuvunja kiti cha enzi pamoja na madhabahu yake. Matini yenyewe yanatupa ufunguo, kwani katika sura ya 14 mfalme wa Babeli ndiye nyota ya alfajiri iliyoanguka. Naye Ezekieli, katika sura ya 32, anamzimia Farao mianga hiyohiyo. Tuna hapa kaida ya utanzu wa unabii dhidi ya mataifa, na kaida hiyo ni ya kisiasa.

Taswira hizi zilirithiwa na Mathayo na Ufunuo, kisha na wasomaji wa mbali mno. Giza la New England la tarehe 19 Mei 1780, lililotokana na moshi wa misitu iliyoungua, pamoja na mvua ya vimondo ya Novemba 1833, yalihesabiwa na wafuasi wa William Miller kuwa timizo la unabii. Ufasiri huo uliikata taswira kutoka kwa mlengwa wake. Ndiyo maana tukio lolote la anga liliweza kuijaza.

Amosi anatatiza hoja hii kidogo. Jua lake linalotua adhuhuri huenda lina kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kulikoandikwa na Waashuru mwaka 763 K.K. Hata hivyo, giza hilo linawaangukia wafanyabiashara wa Israeli, wenye vipimo vilivyopunguzwa na mizani ya hila.