Kujiunga na shahada kwa stashahada

Ni njia ya kuingia chuo kikuu nchini Tanzania bila kupitia kidato cha sita. Kijana wa Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, akimaliza kidato cha nne husoma chuo cha kati: astashahada ya awali (ngazi ya 4), astashahada (ya 5), kisha stashahada (ya 6). Kwa kawaida Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hudai wastani wa alama 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Baadhi ya kozi hudai zaidi.

Maandalizi yaanze mapema, kwani wastani mbovu wa mwanzo ni mgumu kuurekebisha mwishoni. Mhitimu huomba kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu AVN, ambayo hujazwa kwenye maombi ya chuo. Anayehitaji mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili. Majina ya kwenye vyeti yasipolingana, hata kwa herufi moja tu, huleta usumbufu mkubwa. Mshauri mwema huyakagua mwaka wa kwanza.

Asiyefikia vigezo anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992.