Uwezo, Sababu na Nia

Nikiwa sekondari Muleba, tulikuwa tukipaza kwenye mechi: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo! Siku moja nikamtania bibi hivyo jikoni, nikigombea senene wa mwisho. Hakucheka.

Maneno hayo aliyasikia redioni Novemba 1978, akiwa amekimbilia Muleba kwa shangazi yake. Oktoba, ndege za Idi Amin zilikuwa zimedondosha mabomu Bukoba. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kazi ni moja tu, kumpiga.

Mwaka huohuo Amin alitaka pia wamalize ugomvi ulingoni, yeye na Nyerere, Muhammad Ali awe refa. Mimi hilo ndilo lililonichekesha zaidi. Amin alikuwa bondia kweli, Mwalimu mwembamba vile!

“Watu wa Kyaka walimkosea nini?” bibi akauliza. “Mbona walipigwa wao?”

Mkoa wetu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Mwaka 1979, baada ya vita, ukaitwa Kagera. Bibi bado anatumia lile la zamani.