Kamera za Serengeti na Funzo la Mwaka 1974

Mwaka 1965 Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, nchi nzima ikiwa na kompyuta saba tu, Serikali hiyohiyo ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilikuwa limekwama na kuleta hasara. Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki. Viongozi wale waliuliza swali halali: mashine hii inamtumikia nani, na ikikosea atawajibika nani? Walipokosea ni katika jibu. Walifunga mlango badala ya kuandaa watu wa kusimama mlangoni.

Leo swali hilo limerudi kwa jina la akili mnemba, na limefika mkoani Mara. Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliweka kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Maelfu ya watu waliojitolea duniani kote walizitambua picha zilizopatikana. Mwaka 2018 picha milioni 3.2 kati ya hizo zilitumika kuifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama, kwa usahihi unaokaribiana na wa binadamu. Faida kwa uhifadhi haina ubishi. Hata hivyo, nyika ilikuwa yetu na nyumbu walikuwa wetu, ilhali sehemu kubwa ya ujuzi uliozaliwa hapo ilibaki ughaibuni.

Hatua iliyofuata ni nzito zaidi. Katika Pori la Akiba Grumeti zilijaribiwa kamera ndogo zenye akili mnemba, safari hii zikimtafuta mwanadamu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2019, ilielezwa kuwa watuhumiwa wa ujangili wapatao 30 walikamatwa. Simtetei jangili. Namfikiria mkazi wa Mbalibali anayefuata nyayo za ng'ombe wake walioibwa usiku, na nyayo zikamwingiza porini. Kamera itamwona mtu, lakini haitaiona sababu yake. Je, picha yake itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na akidhulumiwa atamlalamikia nani?

Jibu letu la kisheria lipo, ingawa halijakamilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Sheria hiyohiyo ina misamaha, ukiwamo wa kuzuia na kubaini uhalifu. Kwa mkazi wa mpakani mwa hifadhi, msamaha huo waweza kuwa mpana kuliko haki yenyewe.

Kimataifa, Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Maadili ya Akili Mnemba, na Julai 2024 Umoja wa Afrika ukaridhia mkakati wa bara zima. Lakini Novemba 2023, mataifa yalipokutana Bletchley Park, Uingereza, kujadili usalama wa teknolojia hii, nchi za Afrika zilizotia saini azimio zilikuwa Kenya, Nigeria na Rwanda. Jirani zetu wawili walikuwa mezani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema hivi: kila mkataba wa utafiti au wa kamera utaje wazi mahali taarifa zitakapotunzwa, Watanzania watakaofundishwa kuzichambua, na ofisi ambayo mwanakijiji ataweza kuifikia na kujibiwa kwa Kiswahili. Mkataba usiotaja hayo si ushirikiano. Mwaka 1974 tuliikataa mashine kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kuihoji. Hatari ya leo ni kuikaribisha tukiwa katika hali ileile.