Bunduki Ilitangulia: Kenya na Kinga Dhidi ya Ugaidi

Kenya iliujua ugaidi mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mkesha wa mwaka mpya wa 1981, bomu lilibomoa sehemu ya hoteli ya Norfolk jijini Nairobi na kuua takriban watu 20. Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998: watu 213 wakafa Nairobi kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani, na wengine 11 Dar es Salaam. Miaka minne baadaye, kwenye shambulio la hoteli huko Kikambala, Pwani, wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea watalii wa Israeli waliuawa pamoja na baadhi ya wageni wao. Bado wengi walisema huu ni ugomvi wa mataifa ya mbali, sisi tumeingizwa tu.

Jibu la serikali lilikuwa la kipolisi. Mwaka 2003 kikaundwa kikosi maalumu cha kupambana na ugaidi, na mswada wa sheria ukachapishwa. Waislamu, mawakili na watetezi wa haki waliupinga hadi ukaondolewa. Sheria yenyewe ilipatikana mwaka 2012. Katikati ya hapo, mapema mwaka 2007, watu waliokimbia vita vya Somalia walikamatwa, wakasafirishwa kwa ndege usiku hadi Somalia na kuishia jela za Ethiopia. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Kenya. Jambo hili halikusahaulika Pwani.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, na Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa huko, ikaapa kulipiza. Kundi hilo halikulazimika kutafuta wafuasi mbali. Lilikuta katika mtaa wa Majengo mjini Mombasa, Kwale na Eastleigh jijini Nairobi vijana wasio na kazi, wengine wakinyimwa hata kitambulisho, wakisimuliwa kila siku dhuluma ambazo baadhi yake zilikuwa za kweli. Mhubiri Aboud Rogo, aliyetuhumiwa kuiunga mkono Al-Shabaab, aliuawa kwa risasi Agosti 2012 na Mombasa ikawaka moto. Februari 2014 polisi waliuvamia msikiti wa Masjid Musa mjini humo wakakamata zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto. Aprili, miezi saba baada ya watu 67 kuuawa kwenye jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, maelfu ya Wasomali walikusanywa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Wenye pesa walijikomboa kwa hongo. Kwa maoni yangu, hakuna mwaka uliowapa waandikishaji wa Al-Shabaab hoja nyingi kama huo. Mzazi aliyeona mwanawe amebadilika, hasemi, haswali tena na wenzake msikitini, alibaki na machaguo mawili ya kutisha: anyamaze, mtoto avuke mpaka, au aripoti, mtoto apotee mikononi mwa watu wasiojulikana.

Msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, ulichukua roho 148. Mwezi huohuo serikali ikafanya mambo mawili yanayopingana. Ikatangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia, na ikafunga akaunti za Haki Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ambayo familia za Pwani ziliyaamini. Baadaye mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru akaunti zifunguliwe. Nao msamaha ulitangazwa kwa kauli ya waziri, bila sheria ya kumlinda anayejisalimisha. Huko Kwale baadhi ya waliorudi waliuawa, na wazee waliotoa habari kwa polisi wakauawa pia.

Desemba 2015 wananchi wakaonyesha lililowashinda wakubwa. Basi liliposhambuliwa na Al-Shabaab karibu na Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari.

Septemba 2016 mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali ulizinduliwa, ukitaja shule, viongozi wa dini, ushauri nasaha na kuwarudisha waliopotoka katika jamii. Kwale, Mombasa na Lamu zikaandika mipango yake mwaka uliofuata, na hapo ndipo kazi ilipopata uso wa kibinadamu: maimamu, akina mama, machifu na polisi wakikaa meza moja. Mipango hiyo iliegemea mno fedha za wafadhili, na mfadhili akiondoka mikutano hukoma. Wala mipango hiyo haikumaliza tatizo: mwezi Januari 2019 watu 21 waliuawa kwenye shambulio la hoteli ya Dusit jijini Nairobi, na miongoni mwa washambuliaji alikuwemo kijana aliyezaliwa na kulelewa Kenya, mtoto wa mwanajeshi.

Kaunti zitenge fedha zake zenyewe kwa kazi hii. Bunge nalo liandike sheria inayotamka wazi nani anampokea kijana anayejisalimisha, anakaa wapi, kwa muda gani, na wakili wake ni nani. Na familia za waliotoweka mikononi mwa vyombo vya dola zielezwe watu wao wako wapi.