Nani hulisha ubongo wa mdudu?

Msikilizaji, ndizi ikiiva kupita kiasi huzungukwa na vinzi vidogo. Ubongo wa kinzi hicho ni mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini ndio unaonusa, kuona na kuongoza mabawa. Nguvu ya kazi hiyo inatoka wapi?

Ubongo una seli za aina kuu mbili: nyuroni zinazopeleka taarifa, na glia zinazozizunguka na kuzitunza. Damu ya mdudu hubeba sukari iitwayo trehalosi, lakini haizifikii nyuroni moja kwa moja, kwa sababu glia za nje zimeuzungushia ubongo ukuta. Glia huichukua sukari hiyo, huivunja na kutoa laktati na alanini. Nyuroni hupokea vitu hivyo na kuviunguza kwa oksijeni ili kupata nguvu. Tuseme glia husaga unga, nyuroni hupika.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walizuia glia za vinzi hivi kuvunja sukari. Nyuroni zikaanza kufa. Walipozuia kazi hiyohiyo ndani ya nyuroni zenyewe, nyuroni ziliendelea kuishi.

Hata katika jicho la nyuki dume, glia hutengeneza alanini na kuzipa seli zinazopokea mwanga.

Binadamu pia tuna glia. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wa maradhi ya ubongo huanza kujifunza kwa kinzi.