Kufunga, Kufungua na Kufunga Upya: Gamba na Kifungo katika Historia ya Uchukuzi ya Tabora, 1857–2024

Utangulizi

Historia ya uchukuzi katika magharibi mwa Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo mawili: njia na mzigo. Wanahistoria wameeleza jinsi pembe za ndovu zilivyoteremka pwani, jinsi nguo, shanga na nyaya za shaba zilivyopanda bara, na jinsi Unyanyembe ilivyogeuka kuwa njia panda ya biashara hiyo. Sheriff (1987) ameonyesha nafasi ya pembe katika uchumi wa Zanzibar na wa dunia. Rockel (2006) amewarudisha wapagazi katika kitovu cha simulizi wakiwa wafanyakazi wa ujira, wenye ujuzi na heshima yao. Hata hivyo, kitu kilichokaa baina ya mzigo na njia hakijapewa nafasi ya kutosha. Kitu hicho ni gamba lililouvika mzigo, pamoja na kifungo kilicholishika gamba hilo lisifunguke.

Insha hii inachunguza gamba na kifungo katika vipindi vitatu: enzi ya misafara, enzi ya garimoshi na enzi ya bomba la mafuta. Kata ya Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, ni mahali panapofaa kutazamia vipindi hivyo. Ipo katika ardhi ya Unyanyembe ya kale, katika mji unaopitiwa na Reli ya Kati, na katika mkoa ambao leo una kiwanda cha kuvika mabomba gamba la kuhami joto. Hoja kuu ni kwamba kila chombo kipya cha uchukuzi kilichopita Tabora kilihamisha ujuzi wa kufunga kutoka mikono ya kundi moja hadi ya kundi jingine. Faida iliyobaki baada ya shehena kupita ilitegemea sana mahali ujuzi huo ulipokaa.

Mtumba, fito na gome la myombo

Burton na Speke waliwasili Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyokuwa kiini cha Tabora, mnamo Novemba 1857. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton alieleza kwa kirefu namna shehena ilivyofungwa. Nguo zilikunjwa na kubanwa kuwa furushi refu, zikavikwa kitambaa cha bei nafuu, zikakazwa kwa kamba, kisha zikaimarishwa kwa fito zilizotokeza upande mmoja. Furushi hilo ndilo mtumba. Neno hilo, ambalo leo humaanisha nguo zilizokwisha kuvaliwa, lina asili katika bega la mpagazi.

Fito hizo zilikuwa na kazi tatu. Zilihifadhi umbo la mtumba ili usibonyee njiani. Ziliuwezesha kusimamishwa kwa kuegemezwa kwenye mti, nguo zisiguse ardhi yenye unyevu. Zilimrahisishia mpagazi kuuinua bila kuinama hadi chini. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi, na mtu aliyebeba uzito huo kwa miezi alijua tofauti ya kifungo kizuri na kibaya kuliko mwenye mali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfanyabiashara aliyepanda punda angeweza kuuona mtumba kuwa mwepesi, lakini kamba iliyolegea ilimchubua mpagazi.

Bara ilikuwa na vifaa vyake vya kufungia. Miyombo, iliyotanda katika misitu ya Unyamwezi, ilitoa gome lenye nyuzi ngumu. Gome lililochanwa likiwa bichi lilitoa kamba. Likikauka lilijibana na kushika zaidi. Gome zima lililoviringishwa na kushonwa lilitoa kilindo, chombo cha duara cha kuhifadhia nafaka, nguo na vitu vya thamani. Kwa ufundi unaofanana na huo walitengeneza mizinga ya nyuki, na mizinga ya gome haijatoweka Tabora hata leo. Kwa hiyo mtu aliyefika Unyanyembe na mtumba uliolegea alikuta huko watu waliojua kuviringisha, kubana na kukaza tangu utotoni.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wa kiuchumi. Misafara mingi ilivunjika Unyanyembe: wapagazi waliotoka pwani walilipwa na kuachana, na wengine waliajiriwa kwa safari ya Ujiji, Karagwe au kwingineko. Mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa, ikagawanywa na kufungwa upya kulingana na soko lililo mbele. Tabora ilikuwa mji wa kufungua na kufunga kabla haijawa mji wa stesheni. Ujuzi huo ulikuwa mali ya wapagazi wenyewe. Walikwenda nao katika kila msafara na kurudi nao vijijini wakati wa kilimo.

Garimoshi na gamba lisiloonekana

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa makutano ya reli. Mizigo ya masafa marefu iliyokuwa ikibebwa mabegani iliingia katika mabehewa. Mtumba wenye fito ukapoteza sababu ya kuwapo, maana behewa halikuhitaji kuegemezwa mtini.

Gamba lenyewe halikutoweka, bali lilihama kutoka kwenye shehena hadi kwenye mashine. Boila la garimoshi la mvuke hupoteza joto likiwa wazi, na joto linalopotea ni kuni, makaa na maji yanayopotea. Kwa sababu hiyo maboila ya enzi hiyo yalivikwa tabaka la kuhami joto, mara nyingi asbesto, kisha yakafunikwa kwa bati lililokazwa kwa mikanda ya chuma. Mabomba ya mvuke nayo yalizungushiwa kamba au kitambaa cha asbesto.

Tofauti na kamba ya myombo ni kubwa. Nyenzo ilitoka ng'ambo, kipimo chake kilitoka ng'ambo, na ujuzi wa kuifunga ulikaa katika karakana chini ya usimamizi wa shirika la reli. Mpagazi aliyelegeza kamba aliumia bega na kupona. Fundi aliyefungua gamba la asbesto alivuta vumbi ambalo madhara yake kwa mapafu hujitokeza baada ya miaka mingi. Gharama ya kufunga na kufungua iliingia mwilini mwa mfanyakazi bila yeye kuijua.

Kutoka mkanda hadi utepe wa gundi

Badiliko lililofuata lilitokea mbali na Tabora. Mwaka 1925 Richard Drew, mfanyakazi wa kampuni ya 3M nchini Marekani, alibuni utepe wa gundi kwa ajili ya wapaka rangi wa magari. Mwaka 1930 ulifuata utepe wa selofani unaoangaza. Upya wake ulikuwa katika gundi inayoshika kwa kukandamizwa tu, bila maji, moto wala fundo. Baadaye zilitengenezwa tepe za karatasi ya alumini na za plastiki kwa ajili ya kufunga magamba ya kuhami joto kwenye mabomba ya majengo na viwanda.

Utepe unaonekana kama jambo jepesi, lakini una masharti yake. Haushiki juu ya vumbi, mafuta wala unyevu. Lazima uso usafishwe, pindo la gamba lipishane na jingine, na utepe ukandamizwe kwa nguvu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pasipo hayo, maji hupenya chini ya gamba. Maji yakishapenya, kihami joto hupoteza kazi yake na chuma huanza kushika kutu mahali ambapo jicho halioni. Sheria ya mtumba ilikuwa hiyo hiyo: unyevu uliingia pale kifungo kilipolegea.

Sojo: bomba linalovikwa kabla ya safari

Katika kijiji cha Sojo, Wilaya ya Nzega, kaskazini mwa Ipuli lakini ndani ya Mkoa huo huo wa Tabora, kiwanda cha kuvika mabomba kilizinduliwa Machi 2024. Kinahudumia Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo Tanzania, na kipenyo chake ni inchi 24. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda. Hivyo lazima yasafirishwe yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, na bomba lazima livikwe. Chuma hupakwa kinga ya kutu, huzungushiwa povu la poliyurethani, kisha hufunikwa kwa gamba gumu la plastiki.

Mwendo wa shehena unakumbusha karne ya 19. Mabomba hushuka bandarini Dar es Salaam, huletwa bara, huvikwa mkoani Tabora, kisha husambazwa katika njia. Hata hivyo, kiwanda hakimalizi kazi yote. Bomba lililovikwa huachwa wazi kwenye ncha zake ili liweze kuchomelewa na jingine. Mabomba makubwa kwa kawaida huundwa kwa vipande vya mita 12 hadi 18. Hata kwa kipimo kirefu cha mita 18, njia nzima ina viungo vipatavyo 80,000. Kila kiungo huvikwa porini, katika vumbi la kiangazi au tope la masika, na mikono ya watu.

Mjadala wa umma kuhusu mradi huo umehusu zaidi fidia ya ardhi, mazingira na hisa. Masuala hayo ni ya msingi, lakini suala la ujuzi nalo linastahili nafasi. Kiwanda cha Sojo kina kazi yenye kikomo. Bomba la mwisho likishavikwa, hakuna shehena nyingine ya aina hiyo inayosubiri. Vipimo na taratibu ni mali ya kampuni. Kinachoweza kubaki Nzega, Ipuli na kwingineko ni ujuzi uliomo mikononi mwa vijana walioajiriwa: kusafisha uso, kupima joto, kuziba kiungo na kukikagua.

Hitimisho

Ulinganisho wa vipindi hivi unaonyesha tofauti moja ya msingi. Mpagazi wa Kinyamwezi alimiliki ujuzi wa kufunga, na ndiyo maana sehemu yake ilidumu baada ya misafara kukoma, katika kilindo na katika mzinga wa nyuki. Fundi wa enzi ya mvuke alitumia ujuzi uliofungwa ndani ya karakana, na garimoshi za mvuke zilipoondolewa, ujuzi huo uliondoka nazo. Mfanyakazi wa Sojo yupo baina ya hali hizo mbili. Ujuzi wake unaweza kuhamia katika mabomba ya maji, vyumba vya baridi vya kuhifadhia mazao na mitambo ya hospitali, iwapo utatambuliwa kwa cheti kinachokubalika nje ya mradi.

Kwa watafiti, wajibu ni wa haraka. Maelezo ya mtumba yamehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya wageni, kwa kuwa waliofunga hawakuulizwa. Waliovika bomba la Sojo bado wapo na wanaweza kuulizwa. Masimulizi yao yanapaswa kukusanywa sasa, kabla kambi hazijafungwa na kiungo cha mwisho hakijafukiwa ardhini.